AMIN ALIPOUNDA TUME YA KUWATAFUTA WALIOPOTEA

Hebu tuanze na sarufi kidogo, halafu twende Kampala. Kiswahili kina neno kupotea na kina neno kupotezwa. Ukisema "fulani kapotea" unamfanya yeye ndiye mtenda: kapotea mwenyewe, kama mbuzi aliyekata kamba au mtoto aliyeuachia mkono wa mama yake Kariakoo siku mbili kabla ya Idi. Ukisema "fulani kapotezwa", kila aliye karibu anageuka na kuuliza: na nani? Ni herufi mbili tu hapo katikati, lakini watu wamewahi kuzilipia kwa damu. Serikali zenye mambo ya kuficha hupenda sana lile neno la kwanza.

Sasa sikiliza hii. Tarehe 30 Juni 1974 Idi Amin Dada, yule yule unayemjua, aliunda tume ya uchunguzi. Kazi yake? Kuchunguza kupotea kwa watu nchini Uganda tangu tarehe 25 Januari 1971. Ukiwa umesoma historia yako vizuri utaikumbuka hiyo tarehe: ndiyo siku Amin alipompindua Milton Obote aliyekuwa safarini Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo mtu aliyeingia madarakani tarehe 25 Januari aliiagiza tume yake ichunguze watu waliopotea kuanzia tarehe 25 Januari. Sijui kama kuna mwizi mwingine aliyewahi kuwaita polisi na kuwapa na saa aliyoingia ndani!

Watafiti wanaofuatilia tume za ukweli duniani huitaja tume hii ya Uganda kuwa ya kwanza kabisa ya aina yake. Kabla ya Argentina mwaka 1983, kabla ya Chile, na miaka zaidi ya 20 kabla ya ile ya Askofu Tutu kule Afrika Kusini. Tumezoea kuambiwa kwamba vitu vya namna hiyo vilibuniwa na mataifa yaliyokwisha kutubu. Kumbe cha kwanza kilibuniwa na mtu ambaye hakuwa na mpango wowote wa kutubu, na kazi ile ile aliyoagiza ichunguzwe ilikuwa bado inaendelea. Ndiyo maana nimeona niandike habari zake, maana vijana wengi wa rika langu wanamjua Amin wa sinema na wa vita vya Kagera, lakini hii tume hata wenzangu wa chumba cha habari niliowauliza hawakuwahi kuisikia.

Ila huwezi kuielewa bila kwanza kujua ni nani waliopotea, na walipoteaje.

Niruhusu nianze na mwandishi mwenzangu. Nicholas Stroh alikuwa Mmarekani, mwandishi wa kujitegemea, kijana wa familia yenye kiwanda kikubwa cha bia huko Detroit. Angeweza kukaa nyumbani akala hela za bia. Badala yake alikuwa Kampala mwaka 1971 akitafuta habari, na habari aliyoinusa ilikuwa mbaya: kwamba ndani ya kambi za jeshi wanajeshi wa makabila ya Acholi na Langi, watu wa upande wa Obote, walikuwa wanauawa kwa makundi na wenzao. Rafiki yake Robert Siedle, Mmarekani mwingine aliyekuwa akifanya utafiti wa elimu ya jamii pale Makerere, akavutiwa na yeye. Mapema Julai 1971 wakaenda Mbarara, yaliko makao ya kikosi cha Simba, na Stroh akafanya lile ambalo mwandishi yeyote hufundishwa kulifanya: akaenda kuwauliza wahusika wenyewe. Hawakuonekana tena, si yeye wala Siedle.

Kwa kuwa walikuwa Wamarekani, ubalozi wao ulipiga kelele, na Amin akalazimika kukubali uchunguzi wa jaji. Jaji mwenyewe alikuwa Mwingereza aitwaye David Jeffreys Jones, na inaonekana alikuwa na shingo ngumu. Aliwabana maofisa wa Simba. Waligoma, walisahau, walichanganya maelezo. Gari la Stroh, Volkswagen, lilikuwa limeonekana mjini Mbarara likiendeshwa na watu wa kambini baada ya mwenyewe kutoweka, kisha mabaki yake yakaja kupatikana yametupwa bondeni mbali huko milimani. Luteni mmoja, Silver Tibihika, alikimbilia Tanzania na kutoa maelezo kwamba Wamarekani hao waliuawa kambini, na kwamba yeye aliamriwa kusaidia kuifukua miili na kuichoma ili uchunguzi usikute kitu. Jaji Jones alipoona upepo unavyovuma alitoka Uganda, na ripoti yake ikafika ikitokea nje ya nchi: watu hawa waliuawa na wanajeshi wa Simba. Serikali ikaipuuza.

Utaona hapo mambo mawili ambayo yalikuja kujirudia kwa miaka 8. La kwanza, mwili lazima upotee kabisa, kwa sababu pasipo mwili kila kitu hubaki "inadaiwa". La pili, Mmarekani alipopotea kukapatikana jaji. Waganda wenyewe, ambao walikuwa wanapotea kwa makundi hapo hapo Mbarara mwezi ule ule, hawakupata hata karani.

Jinsi watu walivyochukuliwa ilikuwa karibu sawa kila mahali. Gari husimama, mara nyingi mchana kweupe. Wanashuka vijana waliovaa kiraia: miwani myeusi, mashati ya maua, suruali pana chini, viatu vya soli ndefu, mitindo ya miaka ya 70. Wanakuita kwa jina. Wanakutia ndani ya buti la gari na kulifunga. Watu sokoni wanatazama pembeni. Vijana hao walitoka ama kwenye kile kilichoitwa State Research Bureau, ofisi zake Nakasero, ama kwenye Public Safety Unit ya polisi iliyokuwa Naguru, ama polisi wa jeshi wa Makindye. Majina mazuri kabisa, "utafiti wa taifa" na "usalama wa umma". Ukiyasoma bila kujua utadhani ni idara za takwimu na zimamoto.

Na sheria ilikuwepo, usifikiri hawakuwa na sheria. Mwaka 1971 Amin alitoa amri iliyowapa wanajeshi uwezo wa kumkamata raia. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine ya kuikinga serikali na watu wake wasishitakiwe kwa yale waliyoyafanya "kwa ajili ya usalama". Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin hadi alipokimbilia Uingereza mwaka 1977, ameeleza katika kitabu chake kwamba hata amri za kuua zilikuwa na lugha yake. Mtu akisemwa apewe "huduma ya VIP", basi tena. Au lilitumika neno la Kinubi, kalasi, ambalo wewe msomaji wa pwani huhitaji kutafsiriwa.

Na hapa kuna jambo linalonikera kama mpenda Kiswahili. Lugha ya kambini Uganda ilikuwa Kiswahili, tangu enzi za KAR. Mwaka 1973 Amin akaitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo lugha ambayo kwetu ni ya shule na taarabu na mapenzi, kwa Muganda wa Kampala ilikuwa ndiyo sauti ya yule anayegonga mlango usiku. Tukikutana na Waganda wa makamo wanaokunja uso ukiwasalimia kwa Kiswahili huwa tunasema wana maringo ya Kiingereza. Wengine wana sababu nyingine kabisa.

Haya, tufike kwa Benedicto Kiwanuka.

Kiwanuka hakuwa mtu mdogo. Alizaliwa mwaka 1922, akatumikia jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasoma sheria London, akarudi kukiongoza chama cha Democratic Party. Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipopata serikali ya ndani yeye ndiye aliyekuwa waziri mkuu wake wa kwanza, ingawa uchaguzi wa mwezi uliofuata ulimtoa na kumpa Obote nafasi. Obote alimtia ndani mwaka 1969. Aliyemtoa jela? Idi Amin, Januari 1971, huku watu wakishangilia barabarani. Miezi michache baadaye Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika kiti hicho. Ni rahisi leo kumcheka kwa kukubali. Lakini mwaka 1971 Waganda wengi, na mabalozi wengi, walidhani huyu askari mcheshi ni mkombozi.

Mwezi Septemba 1972 ndio uliommaliza. Uganda nzima ilikuwa inachemka: Waasia walikuwa wameshapewa siku 90 za kuondoka. Katikati ya hayo mfanyabiashara mmoja Mwingereza akakamatwa na wanajeshi, na mawakili wake wakaenda mahakamani kuomba aletwe mbele ya jaji. Kiwanuka aliisikiliza kesi mwenyewe. Akaamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu yule, na akaamuru aachiwe. Kisheria ilikuwa kesi ya kawaida tu, ya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kwa Amin ilikuwa tusi mbele ya dunia.

Tarehe 17 Septemba wapiganaji wa Obote wakaivamia Uganda wakitokea Tanzania, kuelekea Mbarara na Masaka. Uvamizi ulipangwa vibaya na ukashindwa vibaya. (Sisi Watanzania huwa hatupendi kuizungumzia hiyo ya 1972, tunaruka moja kwa moja hadi 1979 ya ushindi.) Waliobaki kulipa gharama walikuwa watu waliokuwa ndani ya Uganda. Siku 4 baadaye, asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu ya Kampala, wakaenda hadi ofisini kwa Jaji Mkuu, wakamvua viatu, wakamtia pingu, wakamtoa nje akitembea peku na kumsukuma ndani ya Peugeot. Mahakimu, makarani, mawakili na watu wenye kesi zao walikuwepo. Jaji Mkuu wa nchi, mchana, ndani ya jengo la mahakama yake!

Nimejiuliza sana kuhusu hivyo viatu. Ukimvua mtu viatu unamwambia nini? Labda kwamba hana haja navyo tena huko aendako. Labda ilikuwa dharau tu.

Serikali ikatangaza kwamba Jaji Mkuu ametekwa na watu wa Obote. Hiyo ndiyo ilikuwa nyimbo ya siku zile. Aliyepotea ama ametekwa na waasi, ama amejiunga nao, ama amekimbilia Tanzania. Jina la nchi yetu likageuzwa kuwa aina ya kaburi: ukisikia kwenye redio ya Kampala kwamba mtu amekwenda Tanzania, ndugu zake walianza kulia. Kwa maiti nyingi sana za Uganda ya miaka ile cheti pekee kilichotoka kilikuwa hicho, kwamba kaenda Tanzania.

Baada ya Kiwanuka orodha ikakimbia. Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo kikuu cha Makerere, Oktoba 1972. Basil Bataringaya, aliyekuwa waziri wa Obote. Joseph Mubiru, aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu. Januari 1973 akaja Shaban Nkutu, waziri wa zamani, aliyekamatwa Jinja. Mwezi huo huo padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, alikutwa amekufa ndani ya gari lake lililochomwa moto. Hao ni wenye vyeo. Wafanyabiashara, madereva, walimu na askari wa kawaida hawana mtu wa kuwataja kwenye makala kama hii.

Sasa fikiria upande wa nyumbani. Baba katoka asubuhi, hajarudi. Siku ya tatu unakwenda kituo cha polisi, askari anaandika jina kwenye kitabu huku hakutazami usoni. Huwezi kuweka matanga, kwa sababu ukiweka matanga umesema amekufa, na ukisema amekufa utaulizwa nani kakwambia. Mjane Mwislamu haanzi eda. Wanazuoni wana neno lake kabisa, mafqud, na wamebishana kwa karne nyingi mke wake asubiri muda gani. Wafuasi wa Imam Malik wamesimama kwenye miaka minne. Kwa Baganda kuna ile sherehe ya kuhitimisha msiba na kumsimika mrithi, okwabya olumbe, nayo haina pa kuanzia pasipo kaburi. Nyumba ina jina la baba, akaunti ina jina la baba, ada ya shule inatoka kwenye akaunti ya baba. Benki inataka sahihi yake. Sheria ya ushahidi ambayo Waingereza waliirithisha kutoka India ilisema mtu asiyesikika atahesabiwa amekufa baada ya miaka 7. Miaka 7 ya kusubiri, na watoto wanakula nini?

Hapa ndipo nilipokuta kitu kilichonifanya nisimame na kusoma mara mbili. Mwaka 1973 serikali ya Amin ilitunga sheria ya kusimamia mali za watu waliopotea. Ndiyo! Mtu akitoweka kwa miezi 6 bila kusikika, ndugu zake waliweza kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kusimamia mali yake. Wajane walikuwa wengi mno, benki na mahakama zilikwama, ikabidi utafutwe utaratibu. Ndani ya miaka miwili na nusu kupotea kulikuwa kumeshakuwa jambo la kiofisi, lenye hati ya maombi na muhuri. Mimi naiona hiyo sheria kuwa ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote: hakuna serikali inayotunga sheria kwa ajili ya watu watatu wanne.

Kisha ikaja 1974. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, yenye makao Geneva, ilipeleka Umoja wa Mataifa ripoti nzito kuhusu mauaji Uganda, na Amin, ambaye alipenda sana kuonekana kiongozi wa Afrika, akaumia. Dawa aliyoichagua ndiyo hiyo tume yetu. Mwenyekiti alikuwa jaji mwenye asili ya Pakistani, Mohammed Saied, pamoja na maofisa wawili wa polisi na ofisa mmoja wa jeshi. Ukiitazama hiyo safu utasema tayari: hawa wamewekwa kuosha vyombo.

Lakini hawakuosha. Au tuseme hawakuosha vyote. Tume ilisikiliza mashahidi 545 na kuandika habari za watu 308 waliopotea. Inabidi kuizungusha hiyo namba ya kwanza kichwani. Ni mwaka 1974, State Research iko barabara ya pili tu kutoka hapo, na watu 545 wanakuja kusimama mbele ya polisi wawili na mwanajeshi mmoja na kusema mume wangu, kaka yangu, mwanangu alichukuliwa siku fulani, na watu fulani, kwa gari la namna fulani. Wengi wao, kwa maoni yangu, hawakutarajia haki. Walitaka tu iandikwe mahali. Na kuna kitu kingine: kusema mbele ya tume kulikuwa njia ya kukataa ule uongo wa "amekwenda Tanzania". Unakwenda na kuapa kwamba hakwenda popote, alichukuliwa.

Ripoti ilipokamilika ilisema wazi kwamba Public Safety Unit na State Research Bureau ndizo zilizobeba lawama kubwa ya watu kutoweka, na kwamba wanajeshi walivuka mipaka ya mamlaka yao. Ilipendekeza vyombo hivyo virekebishwe na askari wafundwe upya. Amin mwenyewe haikumgusa, na sidhani msomaji ulitegemea imguse. Kuna wanaoiponda kwa sababu hiyo. Mimi nasema uwe na haya: wewe na mimi tunaogopa kuandika barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba.

Ripoti haikuchapishwa. Rais aliipokea, ikafungiwa, na mapendekezo yake yakaenda yalikokwenda. Imeandikwa kwamba mjumbe mmoja wa tume alibambikiwa kesi ya mauaji na kuhukumiwa kifo, na mwingine akaikimbia nchi. Watu wakaendelea kupotea. Mwezi Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikasema ni ajali ya gari.

Majeshi yetu yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, makao ya State Research pale Nakasero yalikutwa na maiti, na watu wachache waliokuwa bado hai kati ya maiti hizo, na makaratasi yametapakaa kila mahali. Familia zikamiminika. Walikuwa wanatafuta mwili, au nguo, au hata jina kwenye karatasi. Wengi walirudi mikono mitupu. Makadirio ya waliouawa enzi za Amin yanatofautiana sana, kuanzia 80,000 hadi 300,000 na zaidi, na kutofautiana huko kwenyewe ni matunda ya kupoteza miili: kisichohesabika hakihesabiwi. Ukiweka zile kesi 308 za tume pembeni yake unaona ni tone, lakini ni tone lenye majina.

Museveni alipoingia madarakani mwaka 1986 aliunda tume nyingine, ya Jaji Arthur Oder, kuchunguza maovu yote tangu 1962. Ilikosa fedha, ikasimama, ikapata wafadhili, ikaendelea, na ripoti yake ikatoka mwaka 1994 watu wakiwa wameshachoka kusubiri. Habari zake ni ndefu na siwezi kuzitendea haki hapa.

Wachache walipatikana. Shaban Nkutu, yule waziri wa zamani wa Jinja, mwili wake ulikuwa umeonekana mtoni Nile mwaka ule ule wa 1973 na kufukiwa bila heshima. Mwaka 2005, miaka 32 baadaye, mabaki yake yalifukuliwa na akazikwa upya kwao Busoga kwa heshima zote. Mtoto wa Siedle naye, aliyekuwa kijana mdogo baba yake alipokwenda Mbarara, alirudi Uganda mwaka 1997 akiwa mtu mzima kutafuta mahali alipofukiwa baba yake. Alipewa simulizi. Mwili hakupewa.

Najua utaniuliza mbona nahangaika na Uganda wakati kwetu yapo. Ni kweli yapo. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa makamu wa rais wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na Othman Shariff, aliyekuwa balozi wetu Marekani, walikabidhiwa Zanzibar wakitokea bara mwaka 1969, na hadi leo watoto wao hawana kaburi la kusomea fatiha. Na sisi tulio kwenye kazi hii ya kalamu tunaye Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti. Tarehe 21 Novemba 2017 alichukuliwa pale mjini Kibiti na watu waliokuja na Land Cruiser nyeupe. Walimpitisha shambani alikokuwa mkewe, akauliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akasema ana safari ya ghafla. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory ametoweka na amekufa, kisha serikali ikasema waziri hakueleweka vizuri. Nilipokuwa nasoma habari za Stroh na ile Volkswagen yake nilikuwa naiona Land Cruiser.

Kampala kuna barabara inaitwa Ben Kiwanuka, yenye maduka na kelele na abiria wanaogombea matatu, na wengi wanaopita hapo hawamjui mwenye jina. Tangu mwaka 2018 mahakama ya Uganda hufanya mhadhara wa kumkumbuka kila tarehe 21 Septemba, majaji wakikutana kwenye Mahakama Kuu ile ile alikotolewa peku. Amin alifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, hospitalini, bila kushitakiwa kwa lolote, na kaburi lake liko huko huko, linajulikana lilipo. La Kiwanuka bado halijapatikana.